Karatasi za Mama Dobi

Jumamosi asubuhi, siku mbili baada ya Mama Dobi kufa, Inspekta alirudi peke yake kwenye duka la kufulia nguo. Aligeuza kibao cha mlangoni kisomeke "Tumefunga", akavuta stuli nyuma ya kaunta na kuketi pale pale alipozoea kuketi marehemu.

Kituoni walimwita Bi Taratibu, na hawakulitoa jina hilo kwa kumsifu. Mkuu wake alikuwa ameshaifunga kesi kichwani. Alhamisi saa nne asubuhi Mama Dobi alimeza kidonge chake cha presha, akakishushia na maji ya chupa iliyokuwa mezani pake. Chupa haikuwa na maji. Ilikuwa na dawa ya kutoa madoa ya kutu. Alifia hospitali kabla ya adhuhuri. Kwenye chupa palikuwa na karatasi iliyobandikwa, herufi nyekundu kubwa kama za bango: SUMU. DAWA YA KUTU. USINYWE. Mwandiko ulikuwa wa binti yake. Alama za vidole zilikuwa za binti na za marehemu, basi. Na mtaa mzima ulijua kwamba mama na binti, waliofanya kazi chini ya paa moja, hawakuwa wamesemeshana kwa miaka miwili.

"Ama binti amemuua, ama mama amejiua kwa macho yake makavu," mkuu alimwambia. "Chagua moja, faili niwe nalo Jumatatu."

Inspekta hakuchagua. Ile karatasi nyekundu ilimkera. Muuaji gani anaacha onyo kwenye sumu?

Binti alitoka nyuma kwenye mashine, akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mrefu, mgongo umepinda kidogo upande mmoja, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Chupa ile uliijaza lini?"

"Jumatatu. Dawa inakuja kwenye dumu kubwa. Naichanganya na maji kidogo kidogo, naiweka rafu ya juu kule nyuma. Nikabandika karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Mama hupenda kupitapita kule nikiwa nimetoka. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Binti alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Asije akainywa."

"Ilifikaje huku mbele?"

"Sijui. Alhamisi niliingia saa mbili kwa mlango wa nyuma, nikawasha mashine. Huku mbele sikuja. Nilikuwa siji."

"Hata kusalimia?"

"Tulikuwa tunaandikiana."

Alikwenda nyuma, akarudi na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na vikaratasi vyenye matundu ya pini. Nguo zilipotoka mbele kwenda kufuliwa zilikuja na kikaratasi kimebanwa kwenye kola, na zilipotoka kwenye pasi kurudi mbele zilirudi na kingine. Inspekta alivisoma kimoja kimoja. Shuka za hoteli zitangulie. Sawa, fanya kazi yako. Mambo ya nyumbani usiniletee kazini. Vyote vilikuwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa kulala, na kila "k" ilikuwa na mkia uliopinda chini kama ndoana.

"Nani alianzisha mtindo huu?"

"Yeye." Binti aliikunja bahasha mkononi. "Siku ya ndoa yangu hakuja. Tulifungia kwa msajili. Alitakiwa asome mistari minne mbele ya watu kwa niaba ya familia, kisha atie saini. Nilimsubiri mlangoni mpaka nikaitwa mara ya tatu. Jumatatu yake nikamwachia karatasi hapa kaunta. Niliandika, Mama, kwa nini hukuja, niambie tu nielewe. Jibu likaja limebanwa kwenye koti la mteja. Kuanzia leo ukiwa na neno liandike, sitaki tuonane uso kwa uso."

"Na wewe ukakubali."

"Nilikuwa na hasira. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na haya. Karatasi za kazi tuliandikiana nyingi tu. Za moyoni nilimwandikia kumi na tisa. Nilizihesabu, kwa sababu kila moja niliapa ndiyo ya mwisho. Nilichungulia nikamwona anazikunja, anazitia kwenye mkoba wake."

Inspekta aliuvuta mkoba wa marehemu kutoka chini ya kaunta. Leso. Funguo. Penseli fupi iliyochongwa kwa kisu, na kifutio kilicholiwa kona moja. Karatasi haikuwemo hata moja.

"Umewahi kumwona mama yako akiandika?"

Binti alifungua mdomo ajibu, kisha akaufunga. "Afande, mtu hakai akamchunguza mama yake kama anaandika au haandiki."

"Fomu zako za shule alijaza nani?"

"Mama mdogo. Mama alikuwa hana nafasi, duka lilimshika. Mama mdogo ndiye aliyehudhuria vikao vyote. Hata kusoma ni yeye aliyenifundisha, kabla sijaanza darasa la kwanza."

Mama mdogo alikuwa mdogo wake marehemu, wa toka nitoke, na ndiye aliyekuwa akipiga pasi dukani. Alhamisi alitoka saa tatu na nusu kupeleka shuka hotelini, na mpokeaji wa hoteli alithibitisha kwamba alifika. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye faili mara moja tu, upande wa mashahidi.

Inspekta alifungua daftari la wateja. Aligeuza kurasa zake arobaini bila kukuta mwandiko mmoja umejirudia mistari miwili mfululizo.

"Wateja wanajiandika wenyewe?"

"Mama alikuwa anasema mikono yake ina maji, atalowesha daftari. Nguo za nani ni zipi alijua kwa nyuzi. Kila mteja na rangi yake. Watu walikuwa wanamtania kwamba ana kompyuta kichwani."

Kwenye droo mlikuwa na chupa mbili za vidonge, ndogo, za aina moja. Mfamasia alikuwa ameandika wazi, moja "asubuhi", nyingine "usiku". Shingoni mwa ya asubuhi palifungwa uzi mweupe. Ile ya usiku ilifungwa uzi mweusi. Inspekta alizisimamisha juu ya kaunta, akazitazama kwa muda mrefu kuliko binti alivyoweza kuvumilia.

"Kuna nini, afande?"

"Jumatatu na Jumatano jioni mama yako alikuwa anakwenda wapi? Majirani wanasema alikuwa anafunga duka mapema."

"Zahanati. Sindano za magoti."

Inspekta alipiga simu zahanati palepale. Karani alipekua kadi zake, akajibu kwamba mgonjwa huyo alionekana mara ya mwisho mwaka juzi. Mkuu wa kituo, alipoletewa habari hiyo, alicheka na kusema basi mama wa watu alikuwa na mwanamume, mtafute huyo mwanamume.

Kwa namna fulani alikuwa sahihi. Mwanamume huyo alikuwa mwalimu mstaafu mwenye kipara na koti lililojaa vumbi la chaki. Kwa penseli na kifutio, na nyuzi mbili kwenye vidonge, Inspekta hakuhitaji kuzunguka sana. Darasa la kisomo cha watu wazima katika eneo lile lilikuwa moja tu, kwenye ukumbi nyuma ya posta. Alimkuta mwalimu amekaa peke yake, anasahihisha madaftari.

"Miezi minne," mwalimu alisema. "Aliniapisha nisimwambie kiumbe. Alikuwa anakaa benchi la nyuma kabisa, na mkono hauchoki."

"Alikuwa amefika wapi?"

"Silabi za herufi ndogo amezimaliza, za herufi kubwa hajazianza. Maneno mafupi anasoma, marefu anajikongoja. Angenipa miezi mingine mitatu angesoma barua."

"Jumatano, siku moja kabla hajafa, alikuja?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Alikuja na karatasi mkononi. Akaniwekea kidole kwenye neno la kwanza, akaniuliza, mwalimu, hii si ma, na hii si ma? Nikamwambia ndiyo. Akasema, basi hii ni mama. Nikampongeza. Wala hakufurahi. Alifungua mkoba, akatoa karatasi nyingine, na nyingine, akazipanga hapa mezani mpaka meza ikajaa. Alikwenda moja moja kwa kidole. Mama. Mama. Mama. Zote zilianza hivyo. Akaniambia, mwalimu, mtu anayenisomea hajawahi kulitamka neno hili hata mara moja."

"Hukujitolea kumsomea?"

"Nilijitolea. Alikataa. Alisema kwanza atamwuliza aliyemsomea, ili asimhukumu bure. Nilimwuliza kwa nini asizungumze tu na binti yake aliyeziandika. Akasema binti yake ndiye aliyekataa, kwamba ndiye aliyetaka waandikiane."

Inspekta aliacha kuandika. "Rudia hapo, mwalimu."

"Binti ndiye aliyetaka. Hivyo ndivyo alivyosomewa."

Mwalimu alichomoa daftari kutoka kwenye rundo. Lilikuwa na herufi nene zilizoegemeana, zimefutwa na kurudiwa. Katikati palikuwa na kikaratasi kimoja ambacho Mama Dobi alikisahau alipokuwa akikusanya vyake. Mwandiko ulikuwa wa binti. Mama, nimekuona unapanda ngazi kwa kushika ukuta. Nimekuachia mafuta ya kuchua kwenye droo. Si lazima uniambie asante.

Saa kumi jioni mama mdogo aliketi kwenye chumba cha mahojiano, gauni lake limenyooshwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, sauti ya chini, adabu tele. Mtu wa namna hiyo watu humwachia kiti bila kuombwa.

"Pole kwa msiba, mama," Inspekta alisema. "Naomba uandike maelezo yako kwa mkono wako mwenyewe. Ya Alhamisi tu."

Aliandika nusu ukurasa bila kufuta kitu. Inspekta aliupokea, akautazama, akauweka kando.

"Ile chupa uliiona mezani kabla ya kutoka?"

"Sikuitazama."

"Kama ungeiona, ungemwonya dada yako?"

"Ya nini kumwonya, nayo imeandikwa? Dada alikuwa na macho yake."

"Alikuwa anasoma vizuri?"

"Gazeti alinunua kila asubuhi. Kila mtu anajua."

"Mimi sikuuliza kununua."

Mama mdogo alinyoosha kitambaa cha gauni juu ya goti. "Alikuwa anasoma, ndiyo."

Inspekta alitoa vitu vyake kutoka kwenye faili bila haraka, kimoja baada ya kingine. Daftari la benchi la nyuma. Chupa mbili zenye nyuzi. Fomu tatu za shule alizozipata kwa mwalimu mkuu, sehemu ya mzazi ikiwa imejazwa na mkono wenye "k" za ndoana. Vikaratasi vya bluu kutoka kwenye bahasha ya binti. Mwisho aliweka ile nusu ukurasa ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri.

"Mwandiko ni mmoja," alisema. "Hilo nitampa mtaalamu alithibitishe, lakini wewe na mimi hatumhitaji. Nikwambie kilichonisumbua tangu Alhamisi. Binti aliamini mama yake anasoma. Miaka miwili amemwandikia. Akaandika na onyo, herufi kubwa hivi. Angetaka kumuua mama yake asingempa chupa yenye neno sumu, kwa sababu kwa akili yake mama angesoma akaiweka chini. Chupa ile ingeweza kumuua mtu mmoja tu, asiyejua kusoma. Na wa kumwekea mbele alikuwa mtu mmoja tu, anayejua kwamba hajui. Duniani mlikuwa wawili mnaoijua siri hiyo. Mwalimu hajawahi kukanyaga duka lile."

Kijasho chembamba kilimtoka mama mdogo juu ya mdomo, naye hakukifuta.

"Ungeibandua ile karatasi," Inspekta aliendelea, "ningesema ni ajali, nikaenda zangu."

"Ningeibandua mngesema mtu kaibandua." Alisema hivyo taratibu, kama anayemrekebisha mtoto hesabu. Kisha akasikia alichokisema.

Nje, mtu alikuwa anaburuta kiti kwenye veranda. Inspekta alisubiri.

"Tulikuwa wawili," mama mdogo alisema hatimaye. "Mama yetu alikuwa mgonjwa wa kitandani. Baba akasema mmoja aende shule, mmoja abaki kumwuguza. Dada ndiye mkubwa, nafasi ya shule ilikuwa yake. Akasema mdogo aende. Nikirudi jioni ananiambia nisomee ulichosoma. Namsomea. Miaka arobaini, afande, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Alipoolewa alinichukua. Mume alipokufa nikabaki naye. Hakuna karatasi iliyomfikia bila kupita kwangu."

"Ikawaje?"

"Binti alipokaribia kuolewa, dada akasema amechoka kujificha, atamwambia mwanawe, awe anamsomea yeye. Alilisema kwa furaha. Hakujua ananiambia nini."

"Na siku ya ndoa?"

"Aliniomba nimkaririshe ile mistari minne. Nikamwambia hataiweza, atajiaibisha mbele za watu. Alikwenda hivyo hivyo. Alisimama ng'ambo ya barabara na gauni jipya mpaka maharusi wakatoka. Akarudi nyumbani, akaninyamazia."

"Kisha binti akaleta karatasi."

"Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo. Nilidhani watanuniana wiki moja. Lakini ukishamsomea mtu uongo mmoja, karatasi inayofuata nayo lazima ifuatane nao."

"Jumatano usiku."

"Alizimwaga zote mezani. Akaniuliza neno hili la kwanza ni nini. Nikamwambia ni tarehe. Akasema, tarehe gani hii yenye silabi moja inarudiwa mara mbili, na haibadiliki miaka miwili? Hakunigombeza. Aliniambia kesho jioni nitakaa na mwanangu, na wewe utakuwepo, utueleze. Akaenda kulala. Nilizichoma zile karatasi jikoni. Asubuhi nilipanga shuka za hoteli, nikaishika chupa kwa taulo, nikaibadilisha na ya maji. Nikatoka." Aliitazama ile nusu ukurasa aliyoiandika. "Sikutaka binti akamatwe. Nilitaka waseme dada amejiua."

"Lakini binti alipochukuliwa maelezo hukusema kitu."

"Hapana," mama mdogo alikubali. "Sikusema."

Alitia saini kila ukurasa mahali alipoonyeshwa.

Binti alikuwa ameketi kwenye benchi la korido tangu saa tisa. Inspekta alikaa kando yake, akamweleza yote kwa mpangilio, tangu dada mmoja kupelekwa shule na mwingine kubaki, mpaka taulo. Hakuruka neno, wala hakulipamba. Alipofika kwenye gauni jipya ng'ambo ya barabara binti aliinamisha kichwa, akakaa hivyo. Wapita njia waliwapita, mmoja akiuliza dirisha la dhamana liko wapi.

"Nataka kumwona," binti alisema.

"Hulazimiki. Kesi itakuwa ndefu, utamwona mpaka umchoke."

"Nataka leo, afande."

Haikuwa taratibu ya kituo. Inspekta alimwita askari wa kike asimame mlangoni, akafungua mwenyewe. Mama mdogo aliponyanyua uso na kuona ni nani, alisimama, akaketi tena. Binti alivuta kiti cha pili. Akaketi kumkabili.

"Sikuja kukuuliza kwa nini," alisema. "Nimeambiwa kwa nini."

"Mwanangu..."

"Usiniite hivyo. Nisikilize. Ulikuwa unamsomea uongo. Sawa. Yeye akisikia huo uongo, alikuwa anakujibu kitu. Alikuwa anakutuma uniandikie. Wewe ukaandika yako. Ya kwake aliyosema kwa mdomo wake unayajua wewe peke yako. Nikikuacha uende nayo sitayapata popote."

Mama mdogo alimtazama Inspekta, kama anayetafuta mtu wa kumkataza. Inspekta alikuwa amesimama dirishani, hakugeuka.

"Zilikuwa kumi na tisa," binti alisema. "Anza na ile ya kwanza. Nilimwuliza kwa nini hakuja. Wewe ulimsomea nini?"

"Kwamba hutaki kumwona usoni. Akiwa na neno, aliandike."

"Akasema nini?"

Mama mdogo alifumba macho. Alipoanza kusema, sauti ilibadilika kidogo, ikawa nzito na ya polepole, na binti aliitambua, maana alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Aliikunja karatasi, akaitia mkobani. Halafu akasema, mwandikie sawa. Ila mwambie asiwe anabeba yale mabeseni ya maji peke yake, mgongo wake mbovu tangu mdogo. Amwite mtu amsaidie."

"Wewe ukaandika, ukiwa na neno liandike, sitaki tuonane."

"Ndiyo."

Binti alibaki ameshika meza. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yateremke. Inspekta alirudi mezani, akageuza ukurasa mpya wa daftari lake, akaandika namba moja pembeni na maneno ya Mama Dobi mbele yake, kama yalivyotamkwa.

"Na ya pili?" binti aliuliza.